Jeki na Sakafu Yake: Historia Fupi ya Kuinua Gari la Chini

Utangulizi

Nilikuwa na miaka 14 gari lilipouangukia mkono wa baba yangu mdogo. Ilikuwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa mambo mawili, Kiswahili na gereji. Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la viti viwili, na lilikuwa chini sana hata watoto wa mtaa walikuja kuchungulia uvunguni mwake. Aliyekuwa akipampu jeki nilikuwa mimi.

Kwa miaka mingi nilijua jibu moja tu la swali la nani alikosea, na jibu hilo lilikuwa mimi. Nilipoingia chuo kikuu tulifundishwa kwamba mwanahistoria asitosheke na sababu iliyo karibu, bali atafute na zile za mbali zilizoiwezesha hiyo ya karibu kutokea. Mwalimu alikuwa akizungumzia Vita vya Kwanza vya Dunia. Mimi mawazo yangu yalikwenda Buyenzi, na insha hii ni matokeo yake.

Nitaeleza jeki ilitoka wapi, gari la spoti lilishukaje mpaka likakaribia kugusa barabara, na nini kilitokea vitu hivi viwili vilipokutana kwenye udongo wetu. Hoja yangu ni hii: kila chombo kimetengenezwa kwa kutegemea sakafu fulani, na chombo kinapouzwa na kusafirishwa, sakafu ile hubaki kilikotoka. Mbali na vitabu vya historia ya ufundi, nimetumia maelezo ya mafundi watatu wa Buyenzi niliozungumza nao wakati wa likizo. Waliomba majina yao yasiandikwe.

Neno lenyewe ni ushahidi wa kwanza. Katika vitabu vya Tanzania na Kenya tunasoma jeki, kutokana na Kiingereza. Buyenzi utasikia zaidi kriki, kutokana na Kifaransa, kwa sababu chombo hiki kilitufikia kupitia mikono ya Wabelgiji. Nitatumia jeki ili tuelewane sote.

Kutoka skrubu hadi mafuta

Haja ya kuinua mzigo mzito kidogo kidogo ni ya zamani kuliko gari. Katika daftari la michoro la Villard de Honnecourt, Mfaransa wa karne ya 13, umo mchoro wa mashine ya kuinulia mizigo inayofanya kazi kwa skrubu kubwa. Skrubu ina sifa moja nzuri: ukiacha kuizungusha, mzigo hubaki ulipo. Ubaya wake ni kwamba nguvu nyingi ya mtu hupotea katika msuguano wa meno yake.

Njia ya pili ilitokana na elimu ya maji. Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, alionyesha kwamba ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mkandamizo huo huenea sawasawa kila upande. Maandishi yake kuhusu jambo hili yalichapishwa mwaka 1663. Maana yake kwa fundi ni rahisi. Chukua pistoni mbili zilizounganishwa kwa mafuta, moja ikiwa na uso wa sentimita 1 ya mraba na nyingine sentimita 20 za mraba. Ukiisukuma ile ndogo kwa nguvu ya kutosha kuinua kilo 25, ile kubwa itainua kilo 500. Lakini hakuna cha bure: ili pistoni kubwa ipande sentimita 1, ile ndogo lazima isukumwe jumla ya sentimita 20. Ndiyo maana mpampuji hupampu mara nyingi na gari hupanda polepole.

Zaidi ya miaka 130 ilipita kabla wazo la Pascal halijawa mashine ya kazi. Mwaka 1795 Joseph Bramah, fundi wa Uingereza aliyejulikana pia kwa kufuli zake, alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji. Tatizo lilikuwa kuvuja. Pistoni ikibanwa sana haitembei, ikilegezwa maji yanatoka. Suluhisho, ambalo wengi humpa sifa Henry Maudslay aliyefanya kazi katika karakana ya Bramah, lilikuwa ngozi iliyoumbwa kama kikombe: kadiri maji yanavyokandamiza, ndivyo midomo ya ngozi inavyojibana kwenye kuta za silinda. Mafundi wa Buyenzi wanaobadilisha mipira ya jeki inayovuja wanatengeneza tatizo lile lile la Bramah.

Mashine hiyo ilikuwa kubwa na haikuhama. Mwaka 1851 Richard Dudgeon, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akifanya kazi New York, alipata hataza ya mashine ya haidroliki inayobebeka. Hapo ndipo jeki tunayoijua ilipozaliwa. Ndani ya miaka michache nguvu hii ilionekana mbele ya umma. Meli kubwa Great Eastern ilipokataa kushuka majini mjini London mwishoni mwa mwaka 1857, mhandisi Brunel alitumia mashine za haidroliki za ndugu wa Tangye wa Birmingham kuisukuma, hadi ikaelea tarehe 31 Januari 1858. Miaka 20 baadaye jeki za haidroliki zilitumika kuinua mnara wa jiwe uliotolewa Misri, ule unaoitwa Sindano ya Cleopatra, ukingoni mwa mto Thames.

Nataja mifano hii kwa sababu moja. Bandarini na kwenye ukingo wa mto, wahandisi walianza kwa kuandaa msingi: magogo, mihimili, mawe. Kabla ya jeki kusukuma juu, walihakikisha kwamba haitasukuma chini. Jeki haiumbi nguvu ya kwenda juu peke yake. Uzito wote inaoubeba huupeleka ardhini chini yake.

Gari linashuka

Magari ya kwanza yalirithi umbo la magari ya farasi. Ford T iliyotoka mwaka 1908 ilikaa juu, na ilipaswa kukaa juu, kwa sababu barabara za mashambani Marekani zilikuwa za udongo, zenye makorongo na matope. Kuinua gari la namna hiyo hakukuwa na fumbo. Ulipiga magoti, ukaweka jeki chini ya ekseli, ukazungusha.

Barabara zilipowekwa lami, mambo mawili yalianza kushindaniwa: kasi na kukata kona. Gari likiwa refu, uzito wake uko juu, na kwenye kona hulalia upande. Likishushwa, hushika njia, na upepo hupata nafasi ndogo ya kulizuia. Mwaka 1922 Lancia ya Italia ilitoa Lambda, gari ambalo bodi yake yenyewe ilibeba uzito badala ya kukalia fremu nzito iliyo chini yake. Mwaka 1934 Citroën ya Ufaransa ilitoa Traction Avant, nayo bila fremu ya kutenganika, ikakaa chini kuliko magari mengi ya wakati wake.

Badiliko hili lilimhusu mwenye jeki moja kwa moja. Gari la fremu lina mihimili minene chini yake, na unaweza kuliinua karibu popote. Gari lisilo na fremu ni kama kopo: sehemu chache tu zimeimarishwa kubeba uzito, na kwingineko ni bati. Tangu hapo swali halikuwa tena jeki ina nguvu kiasi gani. Lilikuwa inashika wapi.

Katika magari ya mashindano kushuka kulifika mbali zaidi. Ford GT40, iliyochukua nafasi tatu za kwanza katika mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1966, ilibeba namba 40 katika jina lake kwa sababu urefu wake kutoka barabarani hadi paani ulikuwa takriban inchi 40, yaani kama mita 1. Mtu mzima angeweza kuegemeza kiwiko juu ya paa.

Kisha magari ya namna hiyo yakawafikia watu wa kawaida. Mazda MX-5 ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, ikifuata nyayo za magari madogo ya Kiingereza kama Lotus Elan ya mwaka 1962. Lina viti viwili, uzito wake ni chini kidogo ya tani moja, na paa lake lipo takriban sentimita 123 kutoka chini. Japani liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Gari jekundu la Buyenzi lilikuwa hilo.

Gereji nazo zilikuwa zimebadilika. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 gereji za Marekani na Ulaya zilikuwa zikipata sakafu za saruji, tambarare na ngumu. Juu ya sakafu hizo ilienea jeki ya aina nyingine, ambayo Waingereza huiita kwa jina la toroli na Wamarekani kwa jina la sakafu yenyewe. Pistoni yake haisimami wima. Imelazwa, nayo inasukuma mkono wa chuma unaonyanyuka. Chombo kizima kina magurudumu manne madogo ya chuma.

Naomba msomaji ayakumbuke magurudumu hayo. Wengi hudhani yamewekwa ili jeki isogezwe kwa urahisi kutoka gari moja hadi jingine. Hiyo ni nusu tu ya kazi yake. Mkono wa jeki hii unanyanyuka kama mkono wa mtu anayeinua kikombe huku kiwiko kimetulia mezani: kikombe hakipandi wima, huchora upinde na kumkaribia mwenye mkono. Basi kikombe cha jeki, yaani kile kisahani kinachogusa gari, kinapopanda hurudi kuelekea kwa mpampuji. Gari halirudi, kwa sababu magurudumu yake yamezuiwa. Kwa hiyo jeki yenyewe ndiyo inayopaswa kuteleza mbele, ndani zaidi ya gari, kidogo kidogo, kadiri mzigo unavyopanda. Kwenye saruji hufanya hivyo bila mtu kutambua. Fundi aliyekulia kwenye saruji anaweza kuitumia maisha yake yote bila kujua kwamba inatembea.

Buyenzi: mji wa jeki ya chupa

Mzee mmoja kati ya mafundi niliozungumza nao alianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960, Burundi ikiwa imepata uhuru mwaka 1962. Alinihesabia magari ya ujana wake: Peugeot 404, baadaye 504, Volkswagen kobe, Land Rover. Peugeot 404 ndiyo iliyokuwa imeshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mara kadhaa katika miaka hiyo hiyo ya 1960, na mzee aliitaja kwa heshima ya mtu anayemtaja ng'ombe wa mahari. "Yale yalikuwa magari yanayoijua njia yetu," alisema.

Magari hayo yote yalikuwa na nafasi chini yake. Jeki iliyotawala Buyenzi ilikuwa ya chupa: imesimama wima, na pistoni yake inatoka juu moja kwa moja kama mtu anayeinuka kitini. Jeki hii haihitaji kutembea. Inahitaji eneo dogo gumu, ukubwa wa kiganja, na kipande cha ubao mnene kinatosha kuitengenezea eneo hilo hata kwenye udongo. Kutokana na hiyo mafundi walijenga kanuni zao. Nilizisikia kwa wote watatu, karibu kwa maneno yale yale: weka jiwe mbele na nyuma ya tairi, vuta breki ya mkono, kandamiza jeki isicheze, hakikisha kila kitu kimetulia kabla hujapampu.

Ningependa kuweka wazi kwamba kanuni hizi si ujinga. Kwa jeki ya chupa ni sahihi kabisa. Kuna wanaosema ajali za gereji zetu zinatokana na mafundi wasiosoma. Lakini hawa walikuwa wamejifunza, tena vizuri, ila walichojifunza kilihusu chombo kingine.

Wala si kweli kwamba kila mtengenezaji wa Ulaya aliisahau barabara mbovu. Citroën DS ya mwaka 1955 ilikuwa na mfumo wa mafuta na gesi ulioweza kulipandisha gari na kulishusha. Ili kubadilisha tairi, dereva alilipandisha gari mpaka juu kabisa, akasimamisha nguzo ya chuma chini ya ubavu, kisha akaliamuru gari lishuke. Kwa kuwa ubavu ulishikiliwa na nguzo, gurudumu lilijivuta lenyewe kutoka chini. Mzee aliona jambo hili mara moja katika ujana wake na mpaka leo analisimulia kwa mikono miwili. Gari la chini la Kijapani lililoletwa kwetu likiwa limeshatumika halikuwa na msaada huo. Lilipotoka kiwandani lilikuwa na jeki ndogo ya mkasi ndani ya buti, ya kubadilishia tairi tu. Lilipofika Bujumbura kwa njia ya Dar es Salaam jeki hiyo haikuwamo. Kitabu cha maelekezo kilikuwamo, kwa Kijapani.

Siku ile

Mwenye gari alikuja kwa sababu lilikuwa likivuja oili. Baba mdogo alijaribu jeki ya chupa ikakataa kuingia. Hata ikiwa imeshuka kabisa ilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyokuwapo. Tukaazima jeki ya magurudumu kwenye gereji moja kubwa ya mjini. Nayo haikuingia mara moja. Baba mdogo akalaza mbao mbili mbele ya matairi ya mbele, tukalisukuma gari likapanda juu yake, nafasi ikapatikana. Nakumbuka alivyofurahi. Alilala chali, akatazama, akakuta mhimili mnene unaopita katikati kati ya magurudumu mawili ya mbele. Akaweka kikombe cha jeki hapo. Mahali alipochagua palikuwa sahihi. Nimekuja kuthibitisha baadaye kwamba ndipo Mazda wenyewe wanapoelekeza.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Uwanja wetu ulikuwa udongo ulioshindiliwa kwa miaka mingi, mgumu kwa mguu wa mtu, lakini si kwa gurudumu la chuma lenye upana wa vidole viwili. Tukafanya kila kitu kwa kanuni. Breki ya mkono, mawe nyuma na mbele ya matairi ya nyuma. Kisha, kwa kuwa jeki ilikuwa na magurudumu na magurudumu yalitutia wasiwasi, baba mdogo akaniambia niweke jiwe na nyuma ya jeki, nikaweka. Magurudumu ya mbele ya jeki yalikuwa yameshaanza kuzama.

Nikapampu. Gari likapanda. Baba mdogo akanyoosha mkono wa kulia kusukuma gogo chini ya ubavu. Kikombe kilikuwa kinarudi kuelekea kwangu, na jeki haikuweza kwenda mbele. Mimi nilihisi mpini ukiwa mzito kuliko mwanzo, nikadhani ni uzito wa gari, nikaongeza nguvu. Kikombe kikateleza kwenye ukingo wa mhimili.

Sauti haikuwa kubwa. Mkono wake ulibanwa kati ya ubavu wa gari na gogo. Wanaume sita wa gereji za jirani walilinyanyua gari kwa mikono kabla sijajua la kufanya. Vidole vitatu havikurudi kufanya kazi. Tangu siku hiyo hashiki spana kwa mkono wa kulia.

Hakunilaumu. Nilipomwomba msamaha hospitalini alisema, "Mwanangu, ungeacha kupampu ungekuwa umeniasi mimi. Nani angekuwa amekosea hapo?" Nililichukua kama neno la huruma. Sasa naona lilikuwa pia maelezo sahihi ya kilichotokea.

Kuchagua na kuitumia

Nimewahi kuambiwa na mwanafunzi mwenzangu kwamba historia haifundishi kazi ya mikono. Nadhani inaweza, maana ukijua kwa nini chombo kina umbo lake unajua pia kinataka nini. Kutokana na yaliyotangulia, mwenye kushughulika na gari la chini anaweza kupata mambo haya.

La kwanza ni kuchagua. Wanunuzi sokoni huuliza tani. Kwa gari lenye uzito wa tani moja, jeki ya tani 2 inatosha na kuzidi, kwani huinui gari zima bali upande mmoja tu. Kipimo cha kuuliza ni urefu wa jeki ikiwa imeshuka kabisa. Jeki za kawaida za magurudumu hushuka hadi kama sentimita 13 au 14. Zile zilizotengenezwa kwa magari ya chini hushuka chini ya sentimita 10. Pima kwanza nafasi iliyo chini ya gari lako, si ukingoni tu bali mpaka kwenye mhimili wenyewe, maana jeki hupita chini ya ukingo kabla ya kufika inapotakiwa. Angalia pia urefu wa shingo yake: katika gari la spoti mhimili uko mbali ndani, na jeki fupi itakuachia mpini usioweza kunyanyuka kwa sababu unagonga bampa.

La pili ni mahali pa kushika. Katika gari nililolieleza ni mhimili wa katikati mbele, na nyuma ni chini ya difu. Stendi huwekwa pembeni, kwenye kingo za chini za ubavu zilizoimarishwa na kutiwa alama, karibu na magurudumu. Kingo hizi hupinda upesi zikibanwa na chuma kitupu, kwa hiyo mafundi huweka kipande cha mpira kilichokatwa kutoka tairi kuukuu. Usishike bati la sakafu ya gari wala sufuria ya oili.

La tatu ni sakafu. Kama ni udongo, tandaza bamba la chuma au ubao mnene na mpana, mrefu kiasi kwamba jeki nzima inakaa juu yake na bado ina nafasi ya kwenda mbele. Zuia magurudumu ya gari yanayobaki chini. Usiizuie jeki. Na ukiinua nyuma ya gari, kumbuka kwamba breki ya mkono katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma. Yakiwa hewani breki hiyo haina kazi, na ni mawe tu kwenye matairi ya mbele yanayolishikilia gari.

La nne ni kupampu kwa macho. Baada ya kila mara chache simama utazame kama magurudumu ya jeki yanatembea na kama kikombe kimebaki katikati. Mpini ukiwa mzito ghafla, teremsha. Sikujua hilo.

La tano, ambalo lina nguvu kuliko yote, ni kutenganisha kuinua na kushikilia. Jeki ya mafuta huinua. Haishikilii, kwa sababu uzito wote umekalia mpira mmoja na vali moja, vitu vinavyochoka bila kutoa taarifa. Hapa tulipoteza kitu skrubu ilipoacha nafasi kwa mafuta. Kinachoshikilia ni stendi ya chuma, au gogo zima la mti mgumu, kamwe si tofali la saruji, ambalo hupasuka mara moja bila kupinda kwanza. Na stendi husukumwa mahali pake kwa mti au kwa mguu wa stendi yenyewe, mkono ukiwa nje. Tairi la akiba hulazwa chini ya ubavu kabla ya yote, ili lolote likianguka liliangukie hilo.

Hitimisho

Nilianza na swali la nani alikosea. Kwa kufuata njia ndefu nimepata kwamba jeki ile haikuwa mbovu, gari lilikuwa zima, mahali pa kushika palikuwa sahihi, fundi alifuata kanuni alizofundishwa, na mvulana alifanya alivyoambiwa. Kila kimoja kilikuwa na akili ndani yake, lakini akili hizo zilitoka mahali mbalimbali. Gari lilitegemea lami, jeki ilitegemea saruji, kanuni zilitegemea jeki ya chupa, na sisi tulikuwa kwenye udongo uliolowa. Jiwe nililoliweka nyuma ya jeki lilikuwa mahali ambapo vyote hivyo vilikutana.

Hili halimwondolei mtu wajibu. Mimi ningeweza kutazama chini badala ya kutazama gari. Lakini linasaidia kuona kwamba tunapopokea chombo kutoka nje, iwe ni jeki, mashine ya hospitali au katiba, haitoshi kuuliza kama kinafanya kazi. Tuulize pia kilifanyia kazi juu ya nini, na kama kitu hicho tunacho.

Mwaka uliofuata ajali, baba mdogo alirudi gereji. Yeye huelekeza, wengine hushika spana. Fedha ya kwanza aliyoweza kuweka akiba, jamaa walimshauri anunue jeki yake ya chini ili asiazime tena. Alikataa. Alinunua mifuko ya saruji na kokoto, akamwaga sakafu yenye nafasi ya gari moja tu, akaisawazisha kwa ubao kwa mkono wa kushoto, na kukataza mtu yeyote kuikanyaga kwa wiki nzima. Jeki aliinunua baadaye. Nilipokuwa nyumbani likizo iliyopita nilimsomea rasimu ya insha hii. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimeandika mengi kuhusu Waingereza, kisha akaniita nje. Aliniwekea mpini mkononi, akachuchumaa mbali na gari, akanionyesha kwa kidole magurudumu yale madogo. "Pampu," alisema, "lakini tazama hapa." Nikapampu, na jeki ikatembea.